Darubini ya Kuazima

Pelagia, ambaye chuoni sote tunamwita Mama Silasi, hawezi kumpa mgeni chai katika kikombe kilichovunjika mpini. Heri mgeni akose chai. Ulyankulu alikokulia, mgeni alipoonekana kwa mbali mtoto alitumwa kwa jirani kupitia mlango wa nyuma akaazime vikombe, na mara nyingi jirani alikuwa ameshamwona mgeni huyo na kuvitoa kabatini. Mgeni alikunywa, akashukuru, akaenda zake, na vikombe vikarudi kwa njia ileile ya nyuma vikiwa vimeoshwa. Hakuna aliyetamka mbele ya mgeni kwamba kikombe ni cha nyumba ya pili. Aliyetamka hivyo alikuwa amewavua nguo wenyeji wake.

Naanza na vikombe kwa sababu bila vikombe huwezi kumwelewa. Watu wa hapa chuoni wanaisimulia habari yake kama kichekesho, wanaigiza hata sauti yake. Mimi ninafundisha hapo, niliyaona yote, na sikuona cha kuchekesha.

Yeye ni msaidizi wa maabara katika chuo chetu kidogo hapa Tabora. Anaosha vioo, anatunza vifaa, anafungua mlango asubuhi na kuufunga jioni. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka 1972. Yeye alizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, akasoma hapo, akapata uraia pamoja na wenzake, akaolewa na mkulima wa Isikizya. Koti lake jeupe la kazini analipiga pasi ya mkaa kila jioni. Akicheka hufunika mdomo. Nimemjua miaka minne na sijawahi kumsikia akiomba kitu kwa ajili yake mwenyewe, hata ruhusa ya kwenda msibani huiomba kupitia mtu mwingine.

Maabara yenyewe ilikuwa na darubini moja tu ya maana. Dokta Jenifa, mtafiti wetu wa nyuki, aliitumia kusoma chavua, ule unga wa maua unaobaki ndani ya asali. Ukiusoma unajua nyuki walikula mti gani na mwezi gani. Si jambo dogo hilo. Misitu ya miombo inakatwa kila msimu ili kukaushia tumbaku, na anayetaka kuutetea mti mbele ya mwenye shoka lazima awe na ushahidi kwamba mti huo unalisha mizinga. Wafugaji nyuki walituletea asali kutoka pande zote, na Dokta Jenifa akaziandaa sampuli zao juu ya vipande vya kioo, akavipanga vizuri kwenye visanduku. Halafu darubini ikafa. Ukungu ulitambaa ndani ya lenzi, taa ikaungua, na kirungu cha kurekebishia kikavunjika. Mama Silasi alikifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli mpaka nacho kikashindwa. Visanduku vikakaa. Misimu ikapita, miti ikakatwa, na ushahidi ulikuwa umelala kabatini bila wa kuusoma.

Ndipo tukasikia habari ya mfuko. Makao makuu ya chuo kikuu yalitenga fedha za kubadilisha vifaa vya utafiti vilivyoharibika na kufufua vile vinavyofufulika. Dokta Jenifa aliomba darubini. Jibu likaja kwamba mkaguzi atafika aone kwa macho yake hali ilivyo.

Ungedhani hapo kazi imekwisha. Hali ilikuwa mbaya, mtu anakuja kuiona, basi aoneshwe. Lakini Mkuu wetu wa chuo, Dokta Shigela, alipotutangazia kwenye kikao alitumia maneno haya: "Jumatano tuna mgeni kutoka makao makuu. Kila mmoja ahakikishe sehemu yake inapendeza. Sitaki tuonekane watu wa ovyo."

Hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza. Mji huu umekuwa ukipokea wageni tangu misafara ilipokuwa ikishusha mizigo hapa, na neno mgeni likishatajwa akili zetu zinakwenda jikoni. Siku zilizofuata walipaka chokaa, wakafyeka nyasi, wakaweka mapazia. Mama Silasi aliosha kila kioo mara mbili. Kisha akasimama mbele ya meza ya darubini, akaitazama ile maiti yenye mpira wa baiskeli shingoni, akaona haya kama amemwona mzazi wake hana nguo.

Jumanne jioni alikwenda kwenye zahanati ya masista, si mbali na chuo. Alimkuta Sista Koleta, msimamizi wa zahanati, akianua mashuka.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Mama Silasi, umeinama hivyo, kuna nini?"

"Kesho nina wageni."

"Ah, chukua sahani jikoni. Na yale mabakuli ya maua pia, ila usinivunjie."

"Si sahani, Sista. Nimekuja kuazima darubini."

Sista Koleta alicheka mpaka shuka likamdondoka. Masolwa, kijana Msukuma anayepima wagonjwa pale zahanati, alitoa kichwa dirishani. "Mama Silasi! Nyie watu wa Ulyankulu tumezoea mnaazima vikombe. Leo mnaazima hadi macho?"

"Nyamaza wewe, Msukuma, ng'ombe zako zenyewe za kuazima," akamjibu, na utani ukapita.

Sista akawa mzito kidogo. Jumatano wanapima makohozi ya kifua kikuu, wagonjwa hutoka mbali. Lakini mgeni alitarajiwa asubuhi na mapema. Darubini ingerudi kabla ya saa sita. Sista akakubali. Angewezaje kukataa? Aliyekuja kwako kwa ajili ya mgeni haambiwi hapana.

Asubuhi darubini ya zahanati ilikuwa juu ya meza yetu, inang'aa, imetandikiwa kitambaa cha kudarizi. Ile yetu iliviringishwa kitenge ikafichwa kwenye kabati la chini. Dokta Jenifa aliingia, akaiona, akasimama. Nilidhani atapiga kelele. Alisema taratibu, "Imependeza, Mama Silasi," akatoka nje. Mkuu alipita, naye akaiona. Alimpigapiga Mama Silasi begani. "Hapo sasa! Ndivyo ninavyotaka."

Watu hawa wana shahada tatu tatu. Walijua mfuko unatoa kwa nani na kwa nini. Kuna aibu iliyo kubwa kuliko elimu, na sisi tunailea kwa mikono yetu wenyewe.

Mgeni alichelewa. Tairi la gari lao lilipasuka Nzega, na alipofika jua lilikuwa limeshakaa utosini. Jina lake Bi. Flavia, mwanamke bado kijana mwenye viatu vya vumbi na sauti ya upole. Alimsalimia Mama Silasi kabla ya kumsalimia Mkuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Pole na safari."

Akaanza kuzunguka. Aligusa mizani, akafungua friji, akatazama mapazia. Alipofika kwenye darubini aliinama akachungulia, akazungusha kirungu taratibu kama mtu anayejua.

"Inaona vizuri sana."

"Tunajitahidi kutunza," alisema Mkuu.

"Naona. Kwa kweli nimezunguka vyuo vingi, sijakuta chumba kilichotunzwa hivi. Nani anakitunza?"

Sote tulimgeukia Mama Silasi. Alifunika mdomo. Miaka yote ile hakuna kiongozi aliyewahi kumsifu mbele ya watu, na sifa ilipokuja ilimkuta amesimama kando ya kitu cha watu wengine.

Wakati huohuo pikipiki ililia nje, ikazima. Masolwa akatokea mlangoni, kofia ngumu mkononi. Bi. Flavia alimwona. "Karibu. Na wewe ni wa hapa?"

"Hapana, mama. Mimi mpita njia tu."

Akarudi nyuma, akaketi kwenye benchi la barazani, kofia juu ya magoti. Akakohoa kidogo, kikohozi cha adabu.

Mama Silasi alichukua jagi kama anayekwenda kuchota maji, akatoka. Nilikuwa karibu na dirisha, nikawasikia.

"Wamejaa?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Benchi zote mbili. Yule dada wa Bukene aliyekuja jana na treni anataka kurudi nayo leo, akikosa majibu hana pa kulala. Makohozi yake yako tayari, kilichobaki ni kutazama."

"Kwa nini hukusema?"

"Sista amenikataza. Amesema hata wakikesha, nikae hapa nisitamke kitu mbele ya wageni wako. Wakiondoka ndiyo nichukue."

"Hawaondoki. Kuna wali kwa Mkuu."

Masolwa aliitazama kofia yake. "Basi nitasubiri, mama. Wewe maliza na wageni."

Alirudi ndani na jagi tupu. Bi. Flavia alikuwa anafunga mkoba wake huku akisema na Mkuu, kwa ukarimu kabisa, kama mtu anayetoa zawadi. "Nitakuwa mkweli. Ombi lenu nililielewa vibaya. Nilidhani hamna darubini. Kuna wenzenu hawana hata moja, na hapa mko vizuri kuliko nilivyotegemea. Nadhani ile mpya iende kwao."

Dokta Jenifa alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mkuu alitoa kile kicheko chake cha vikao, kisicho na maana yoyote. Wahadhiri watano tulikuwa mle ndani. Watano! Hata mmoja hakusema neno.

Mama Silasi huwa anasimulia kisa cha mama yake, Advera, na huwa anakisimulia kwa kucheka. Mwezi wa sita mmoja, baridi kali, walikuja watu wa msaada makazini kutazama nyumba zipi hazina mablanketi. Mama Advera alizunguka kwa majirani ambao zamu yao ya kukaguliwa ilikuwa bado, akaazima, akavitandika vitanda vyote vikapendeza. Wageni walichungulia, wakasifu, wakapita. Jioni mablanketi yalirudi kwa wenyewe, na watoto wakajifunika magunia mpaka baridi ikaisha. Walipomlilia mama yao aliwajibu, "Angalau hawakutuona." Hapo ndipo Mama Silasi hucheka na kufunika mdomo.

Siku ile hakucheka. Aliweka jagi chini.

"Mwanangu, samahani," alimwambia Bi. Flavia. "Hiyo si yetu."

Mkuu aligeuka. "Mama Silasi."

"Si yetu, Mkuu. Ni ya zahanati ya masista. Yule kijana aliye nje si mpita njia, ameifuata. Wagonjwa wanamsubiri, na sisi tulitaka kwenda kula wali."

Alipiga magoti, akafungua kabati la chini, akatoa kile kifurushi cha kitenge akakifungua mezani. Mpira wa baiskeli ulikuwa umelegea, ukaanguka sakafuni. "Yetu ni hii," alisema. Hakuinua uso. Aliiingiza mikono mifukoni mwa koti lake lililopigwa pasi.

Bi. Flavia aliinama kwenye ile maiti, akachungulia, ingawa hapakuwa na cha kuona. Kisha akavuta kigoda akaketi. Alitazama chumba upya, polepole.

"Na mizani ile?"

Dokta Jenifa ndiye aliyejibu, "Ya shule ya sekondari."

"Friji?"

Mkuu alikohoa. "Friji ni ya nyumbani kwangu. Yale maziwa ndani ni ya wajukuu."

"Mapazia?"

"Ya Kanisa la Moraviani," alijibu mtu wa nyuma. "Yanatakiwa kabla ya Jumapili."

Mahali pengine watu wangecheka. Hakuna aliyecheka. Nilitazama ukuta wenye chokaa mbichi, nikaona aibu hata ya chokaa.

"Mama yangu angewapenda sana nyinyi," alisema Bi. Flavia, na hakutabasamu. "Mngeniacha niondoke. Kweli mngeniacha niondoke?"

Mama Silasi hakungoja jibu letu. Aliikumbatia darubini ya zahanati akaipeleka nje. Masolwa alikuwa amesimama, amesikia kila kitu.

"Mama, umesema?"

"Nimesema."

"Mbele ya wageni?"

"Mbele yao. Nenda. Endesha taratibu, usiidondoshe."

"Sista ataniua mimi," Masolwa alisema, akaifunga kifuani kwa kanga kama mtoto mchanga. Dada wa Bukene alipata majibu yake na treni yake. Hilo nililithibitisha baadaye, kwa sababu nilitaka walau kitu kimoja cha siku ile kiwe kimekwenda sawa.

Wali uliliwa. Hakuna aliyethubutu kuuliza sahani zilikuwa za nani. Mama Silasi hakwenda. Alibaki maabara akianua mapazia.

Nilitegemea angeshukuriwa. Ujinga wangu. Mkuu hakumkaripia, ila kwa wiki kadhaa hakuitikia salamu yake. Kwenye chumba cha chai walimwona anaingia, mmoja akasema, "Mama Silasi, hiyo sketi ni yako au ina mwenyewe?" Mwingine akadakia, "Msimwazime kitu jamani, atawatangaza!" Yeye aliinama, akachukua birika, akatoka. Nilibishana nao mpaka nikaambiwa nina hasira za kitoto. Sawa, ninazo. Watu wazima wasiokuwa na hasira ndio waliokuwa wanatazama sakafu siku ile, na mimi nilikuwa nimesimama katikati yao.

Na mchana mmoja aliniuliza, sisi wawili tukiwa tunapanga vioo, "Mwalimu, hivi kweli nilimvua nguo Mkuu?"

"Hapana, mama. Ulitusaidia."

"Hujanijibu," alisema.

Masika ilipokwisha sanduku lilifika. Darubini mpya ilikuwa ndani. Na ile ya zamani, ambayo Bi. Flavia aliondoka nayo garini kwake ikiwa ndani ya kitenge kilekile, ilirudi pia, lenzi zimesafishwa, kirungu kipya, kitenge kimefuliwa na kukunjwa. Dokta Jenifa alifungua visanduku vyake siku hiyohiyo. Mkuu akaita mpiga picha, akapata tena sauti yake, akataka watu wote wasimame kuzunguka meza. Mama Silasi alikataa. Alisema ana vioo vya kuosha, na kwenye picha ile, ukitazama vizuri, unaona mgongo wake kwenye sinki.

Ningeishia hapo kama Masolwa asingekuja tena. Alikuja mwezi uliopita, mchangamfu kama kawaida yake, akaegemea mlango wa maabara.

"Mama Silasi, shikamoo. Leo zamu yangu kuazima macho. Kesho tuna wakaguzi kutoka mkoani. Taa ya darubini yetu inazimika zimika, Sista anasema utupe ile mpya, kwa kesho tu."

Mama Silasi alikuwa anaifuta meza. Aliendelea kuifuta.

"Kesho kuna wagonjwa wa kupima?"

"Hakuna, ni wageni tu."

"Siku ya wagonjwa njoo uchukue, hata bila kuniuliza. Kwa wageni sitoi."

Masolwa alicheka, akidhani ni utani. Kisha akaacha kucheka. "Mama. Sista alitoa yake."

"Najua alitoa."

"Na nilikaa kwenye benchi lile nikanyamaza kwa ajili yako."

"Najua, mwanangu." Alikiacha kitambaa mezani. "Waonyesheni taa inavyozimika."

"Ataona aibu, Sista."

"Ataona."

Walikaa hivyo, kitambaa kimoja mezani, kofia moja mkononi, na mimi nikajifanya nasoma. Sijawahi kuona mtu anayekataa akiwa na uso wa mtu aliyekataliwa. Kesho yake asubuhi aliniomba ruhusa, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, bila kumtuma mtu. Alivua koti la kazi akalitundika.

"Nakwenda kusimama na Sista wakati anawaonyesha," alisema.

Masolwa alikuwa amemfuata na pikipiki. Wanawake wa huku hawaendi nyumba ya mtu mikono mitupu. Angalau nyanya, angalau kipande cha sabuni. Mama Silasi alipanda upande upande, akatazama nyuma mara moja, kuelekea meza ilipokuwa darubini mpya chini ya kifuniko chake. Kisha akaiweka mikono yake mitupu juu ya mapaja, akaifunika kwa upindo wa kanga, na pikipiki ikaondoka.